Mstari kwenye Bidoni

Kamituga, tarehe 2 mwezi wa tatu 2024

Shemeji Anaclet,

Pokea salamu za watu wa huku kwenye tope. Sisi tu wazima. Dada yako Madeleine ni mzima pia. Mkono wake wa kushoto bado haupandi juu ya bega, lakini anapika, anashona, na kunigombeza ananigombeza kwa mkono mmoja vizuri kuliko wanawake wengine kwa miwili.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Radi ilipiga antene mwezi wa kwanza, na sasa mtandao unapatikana mahali pamoja tu, juu ya kilima cha misioni. Ukipanda kule unakuta watu arobaini, kila mmoja anapaza sauti, na kila mmoja anasikia ya mwenzake. Wiki iliyopita kijana mmoja aliachwa na mchumba wake pale pale, na sisi wote tukampa pole kabla hajakata simu. Mimi mambo ya gari yangu siwezi kuyatangaza namna hiyo. Abiria wakijua injini, hii moteur, ina ugonjwa, kesho wanapanda gari ya mwingine.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Jeep yangu ya turbo ikishuka haina neno. Ikipanda, hasa ule mpando wa Burhale, watu saba ndani na mizigo juu, inaanza kugonga ka-ka-ka kama misumari ndani ya kopo. Nikilegeza mguu inanyamaza, lakini nikilegeza mguu hatupandi. Juzi muzee mmoja wa Walungu aliyekaa mbele aliniambia, "Papa shofeli, hii gari yako iko nakohoa. Uipeleke hopitali mbele haiyakufa na sisi." Abiria wakacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Esansi ya kutia kwenye tangi tunanunua kwa chupa kando ya barabara, na Mungu ndiye anayejua wamechanganya na nini. Nzuri haipatikani huku.

Wewe unajua kwa nini gari hii lazima iende vizuri na mimi niiendeshe vizuri. Mwezi wa tano itatimia miaka mitatu tangu niape mbele ya shirika letu la sala, dada yako amekaa mbele yangu na mkono ndani ya plasta, na aliyemvunja ni mimi na ulevi wangu. Tangu siku ile sijagusa hata kasiksi, pombe ya ndizi ya harusini. Yeye aliniambia neno moja, tena kwa sauti ya chini: "Siku nitasikia harufu ya pombe kwako, mimi narudia Walungu kwa mama." Hakulirudia. Unamjua, hasemi mara mbili.

Nisaidie, shemeji.

Murhula


Bukavu, tarehe 9 mwezi wa tatu 2024

Shemeji Murhula,

Gentil mwenye lori amenipa barua yako hapa gareji, imelowa kona moja lakini inasomeka. Gari yako haina ugonjwa, ina joto. Wewe umeendesha miaka ishirini na mitano na bado unadhani turbo ni neno la kubandika kwenye mlango wa nyuma.

Sikiliza. Turbo inabana hewa na kuisukuma ndani ya moteur. Hewa ikibanwa inapata moto. Ikikutana na esansi mbovu kama hiyo yenu, esansi inawaka kabla ya zamu yake, wakati pistoni bado inapanda. Ndiyo hiyo misumari unayoisikia. Ukiendelea hivyo, siku moja pistoni itatoboka, na hapo nitakutumia pole, sitakutumia dawa.

Dawa ipo. Nimeshaifunga kwenye gari mbili hapa mjini. Unaweka réservoir, yaani tangi dogo, pompe ndogo ya kusukuma, bomba, na mwisho wake gicleur, yaani kijitundu chembamba kinachonyunyiza ukungu kwenye hewa kabla haijaingia ndani. Unanyunyiza maji yaliyochanganywa na methanoli, nusu kwa nusu. Turbo ikianza kusukuma kwa nguvu, pompe inaamka yenyewe. Ukungu unapoza hewa, esansi inangoja zamu yake, misumari inanyamaza. Umeshamwona Madeleine akinyunyiza maji kwenye mbabula makaa yanapokuwa makali, ili asiunguze ugali? Jambo ni lile lile. Tofauti ni kwamba hili nimejifunza kwa miaka mingi na yeye amezaliwa nalo.

Lete gari. Siku tatu zinatosha. Njoo na mihogo ya huko, ya hapa mjini imechina.

Anaclet


Bukavu, tarehe 25 mwezi wa tatu 2024

Shemeji,

Tangu uondoke na gari yako sijalala vizuri, na si kwa sababu ya pompe. Pompe naiamini. Ninachohofia ni kitu ninachokutumia leo kwa lori la Gentil: bidoni mbili za njano, lita ishirini kila moja, tayari zimechanganywa.

Nilikuambia gareji, narudia kwa wino. Methanoli ina harufu ya pombe, inafanana na pombe, na mtu akiionja anasema ni kanyanga. Lakini ni sumu. Kidogo kinapofusha, glasi inaua. Huko kwenu watu wanatoka kwenye mashimo ya dhahabu jioni na kiu ya siku nzima, na mchimbaji mwenye kiu haulizi ilipotoka. Basi fanya hivi. Ficha bidoni ndani ya nyumba, si kwenye gari. Jaza réservoir peke yako, na cha akiba weka katika kidumu cha lita tano ukae nacho miguuni. Mtu akiuliza, sema ni dawa ya kuosha moteur. Neno pombe lisitoke kinywani mwako.

Na usimwambie Madeleine. Simaanishi ubaya. Dada yangu nampenda, lakini siri kwake hailali mara mbili. Atamwambia Fabiola jirani yenu kwa nia njema, Fabiola atamwambia mwingine, na Jumapili kijiji kizima kitajua kwamba kwa Murhula kuna lita arobaini za kitu kinachonukia.

Lita tano zinakutosha kwenda na kurudi. Niandikie gari inavyopanda.

Anaclet


Kamituga, tarehe 10 mwezi wa nne 2024

Kaka Anaclet,

Ninakuandikia ukiwa kaka yangu mkubwa na kwa sababu mama, kwa umri wake, sitaki kumpa habari hii ghafla. Huenda nikafika Walungu na mizigo yangu kabla mwezi huu haujaisha. Umtayarishe polepole.

Murhula amerudia pombe.

Sijamwona akinywa. Nitakueleza nilichokiona na wewe utahukumu. Baada ya lori la Gentil kupita, nilikuta bidoni mbili za njano nyuma ya magunia ya mihogo, zimefunikwa na koti lake la zamani. Mtu anayeficha kitu halali hakifuniki kwa koti. Nilifungua moja. Kaka, harufu ile naijua. Niliishi nayo miaka kumi na moja.

Nilimuuliza kwa upole, "Papa Mapendo, hizi bidoni ziko za nini?" Akajibu, "Ni dawa ya kuosha moteur," akaangalia dirisha. Mimi nimekaa na mtu huyu tangu binti yetu Mapendo hajazaliwa. Anapoangalia dirisha anadanganya.

Basi nikafanya akili yangu. Nikachukua biki na kuchora mstari mdogo kwenye bidoni, pale kitu kilipofikia, na tarehe pembeni. Akaenda safari, akarudi, nikapima. Imeshuka lita tano. Safari nyingine, lita tano tena. Macho yake yanarudi meupe na mikono haitetemeki, lakini vidole vyake vinanuka. Mdomo haunuki. Zamani alikuwa akitafuna tangawizi ili kunidanganya, labda sasa amepata kitu chenye nguvu zaidi. Lita tano hawezi kumaliza peke yake, nadhani anakunywa na mashofeli wenzake.

Sijamgombeza. Nimechoka kugombeza, kaka. Nimefanya jambo langu la kimya, na nangoja nione. Bidoni ya pili sijaiamulia. Fabiola anabatiza mjukuu wake tarehe 28, hana kitu cha kuwapa wageni, na ameniomba nimsaidie nilicho nacho. Nimefikiria kumpa ile, iishie huko, kuliko kuimwaga bure.

Inaniuma. Miaka mitatu nilikuwa nimeanza kulala.

Dada yako,
Madeleine


Kamituga, tarehe 14 mwezi wa nne 2024

Shemeji Anaclet, fundi wa mafundi,

Inapanda! Burhale nimepanda na watu wanane, kuku kumi na wawili na kitanda cha chuma, bila kushika gia kubadili vitesi mara mbili. Hakuna misumari, hakuna kopo. Yule muzee wa Walungu alipanda tena na mimi, akatega sikio mpaka juu kabisa, halafu akasema, "Papa, gari imepona. Ni dokteri gani?" Nikamtajia jina lako, na sasa anataka umwangalie na goti lake.

Abiria wananingoja mimi siku hizi. Nyumbani kuna amani, ingawa dada yako ananitazama sana. Nikila ananitazama, nikivua viatu ananitazama. Nadhani ni furaha.

Nina maswali mawili ya ufundi. La kwanza: dawa hii inaweza kubadilika ikikaa? Yaani methanoli ikatoka, yakabaki maji? La pili: maji matupu yakipita kwenye ile gicleur, gari inaweza kupanda vile vile, au haiwezekani kabisa kwa nguvu za kawaida? Nauliza tu. Kuuliza si ujinga.

Kuna jambo lilinitokea njiani karibu na Mwenga ambalo siwezi kuliandika. Labda nitamwambia padri. Usijali, si la gari.

Murhula


Bukavu, tarehe 20 mwezi wa nne 2024

Madeleine, dada yangu,

Soma barua hii ukiwa umesimama karibu na ile bidoni, na usiiache mkono mpaka umalize.

Usimpe Fabiola. Usimpe mtu yeyote. Si kanyanga, si pombe ya kunywa, ni methanoli, na methanoli inapofusha watu na kuwaua. Kama umeshampa, mkimbilie sasa hivi, amwage yote mbele ya macho yako, halafu ndiyo urudi kusoma yaliyobaki.

Barua yako ya tarehe 10 na ya mume wako ya tarehe 14 zimenifikia leo asubuhi pamoja. Lori la Gentil lilikaa kwenye tope siku tano, na barua zenu zililala katika mfuko mmoja wa plastiki, yako ikilia na yake ikicheka. Nilisoma yake kwanza nikajisifu. Kisha nikasoma yako, nikaacha kazi nikachukua kalamu. Nimempa Bienfait wa pikipiki barua hii na kumwambia asishuke hata kula.

Murhula hanywi. Bidoni zile nimemtumia mimi. Ni maji na methanoli, kwa ajili ya moteur. Inanyunyizwa ndani ili isipate joto. Lita tano kwa safari, mimi ndiye niliyempimia. Aliyemwambia afiche ni mimi. Aliyemwambia aseme ni dawa ya kuosha moteur ni mimi. Na aliyemwambia asikuambie wewe, dada, ni mimi pia, kwa sababu nilisema huwezi kutunza siri. Sasa naona umeweka siri majuma matatu bila kumwambia hata Fabiola, na mimi mjuzi wa mambo nilikuwa karibu kuua ubatizo mzima. Mficha uchi hazai, na mimi nimewafundisha wengine kuficha.

Nilijua harufu ile ni ya nini kwako. Nilikuwa nawe hopitalini walipokufunga plasta. Lakini nilifikiria wachimbaji wote wa Kamituga wenye kiu, sikukufikiria wewe. Nisamehe.

Nijibu kwa Bienfait huyo huyo. Anakungoja mlangoni.

Kaka yako,
Anaclet


Kamituga, tarehe 22 mwezi wa nne 2024

Kaka,

Keti, unywe chai. Fabiola hajapata kitu kwangu isipokuwa mchele kilo tano na nguo ya mtoto niliyoshona. Nilivyokuandikia habari ya ubatizo nilikuwa na hasira, na hasira huandika haraka. Siku ya pili yake nilijiuliza: kitu nisichokitaka kwa mume wangu, nitampaje mume wa Fabiola? Nilikimwaga chooni, bidoni nzima. Na ile ya kwanza nilikuwa nimeshaimwaga zamani, tangu tarehe 5. Hilo ndilo lililokuwa jambo langu la kimya.

Nilibakiza kama kikombe kimoja chini, harufu isipotee, halafu nikajaza maji mpaka kwenye mstari. Maji ya mvua ya bati letu. Niliyachuja kwa kitenge mara mbili, kwa sababu hata nikimfanyia mtu hila sitampa uchafu. Nilitaka aende na mashofeli wenzake, wamimine, waonje, wamcheke. Nilitaka aibu yake imrudishe nyumbani.

Sasa nikueleze kilichonisumbua kichwa. Alikwenda safari, akarudi, nikapima. Lita tano. Akaenda tena. Lita tano. Hakuna shofeli aliyekuja kulalamika, hakuna mtu aliyemcheka, na yeye mwenyewe akawa anaimba akiosha gari. Nilikaa jikoni nikawaza: mlevi gani huyu, anakunywa maji juma la pili sasa na hasemi neno? Mlevi ukimtilia maji tone moja kwenye glasi anakuitia chifu. Tangu wiki iliyopita nilikuwa nimeshaanza kujua kwamba nimekosea, ila sikujua nimekosea wapi. Aliyeumwa na nyoka akiona jani anashtuka, kaka. Nilishtuka tu. Usinihukumu sana.

Kumbe ile gari yako ya ufundi mwingi inakunywa maji ya bati langu, na inapanda Burhale.

Lakini sina uso wa kumwambia Murhula. Mtu ametunza kiapo miaka mitatu, na mimi nampimia kwa biki nyuma ya magunia. Anaondoka kesho asubuhi kuja Bukavu na abiria. Mwambie wewe. Uliyafunga wewe, uyafungue wewe.

Madeleine


Bukavu, tarehe 26 mwezi wa nne 2024

Mama Mapendo,

Barabara imekatika baada ya Walungu, kwa hiyo niko kwa kaka yako mpaka wamalize kujaza mawe. Pikipiki zinapita. Bienfait atakuletea hii.

Anaclet ameniambia yote, amesimama katikati ya gareji kama mtu aliye mbele ya tribinali. Kisha akafungua gicleur kuangalia. Ni safi kama jicho la mtoto. Akaiangalia mwangani, akaigeuza, mwishoni akasema kwamba maji ndiyo yanayofanya kazi kubwa, methanoli inasaidia tu, na kwamba kwa mlima wa Burhale na esansi yetu maji yanatosha. Alisema kwa sauti ndogo sana. Tangu hapo hajanifundisha kitu, na leo ni siku ya pili.

Alidhani nitakasirika kwa ile mistari. Hata mimi nilidhani. Nilikwenda kukaa ndani ya gari peke yangu ili nikasirike vizuri, na hasira haikuja. Nitakuambia kwa nini, na ukishajua, utaamua mwenyewe kama Walungu ni mbali au karibu.

Tarehe 9, mchana wa saa nane, mvua ilitukamata kabla ya Mwenga. Lori lilikuwa limelala katikati ya barabara na hakuna aliyeweza kupita. Abiria walishuka kutafuta chakula. Nilibaki peke yangu, kidumu cha lita tano kati ya miguu yangu. Madeleine, harufu ile ilikuwa kwenye vidole vyangu tangu mwezi wa tatu. Anaclet alifikiria wachimbaji, hakunifikiria mimi, na mimi niliona aibu kumwambia kwamba kila nikijaza réservoir ninageuza uso. Siku ile sikugeuza. Nilijua ni sumu. Alikuwa amenionya mara kumi. Nilijiambia kifuniko kimoja hakiui mtu. Wewe unajua tunavyojiambia.

Nilijaza kifuniko nikameza.

Yalikuwa maji. Harufu ilikuwepo kwa mbali, lakini ulimi ulisema maji, maji ya mvua yenye ladha ya bati. Nikajaza cha pili. Maji. Nikaweka kidumu chini nikalia, na mama mmoja aliyerudi na ndizi zake akaniuliza, "Papa, umefiwa?" Nikamwambia hapana, nimepona.

Nilisadiki kabisa ni Mungu. Nilisema, kule Kana aligeuza maji kuwa divai ili watu wafurahi, na hapa kwenye tope la Mwenga amegeuza sumu kuwa maji ili shofeli mmoja asife. Sikumwambia mtu, kwa sababu kueleza muujiza ni lazima kwanza nieleze kifuniko. Nikaendelea kumimina yale maji ndani ya gari kwa hofu, na gari ikapanda, nikasema ni muujiza juu ya muujiza. Ndiyo maana nilikuwa naimba. Ulisikia naimba ukadhani sijui nini.

Halafu juzi kaka yako ananiambia kuhusu kitenge na bati na mstari wa biki. Nilidhani ni malaika. Kumbe ni mke wangu, ana hasira, anachuja maji mara mbili ili asinipe uchafu.

Usiombe msamaha kwa ile mistari. Kama ungeniamini tarehe 5, tarehe 9 nisingerudi nyumbani, au ningerudi bila macho. Mimi ndiye ninayeomba. Kama miaka mitatu haijavunjika, ni kwa sababu yako, si kwa sababu yangu, na sitaki kusimama mbele ya shirika mwezi wa tano wanipigie makofi kwa kitu ambacho hawakijui. Nitasema yote, na kifuniko nitakitaja. Ukikubali, nataka ukae mbele yangu kama siku ile.

Mume wako,
Murhula


Kamituga, tarehe 29 mwezi wa nne 2024

Papa Mapendo,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa.

Nilikasirika nusu siku kwa ajili ya kile kifuniko. Nilitoa hata sanduku chini ya kitanda. Kisha nikaona jambo moja: hakuna aliyekuona. Zamani ulikuwa unakana na chupa iko mkononi. Safari hii hapakuwa na chupa wala shahidi, na umeniambia mwenyewe. Nimerudisha sanduku mahali pake.

Nitakaa mbele yako mwezi wa tano. Nami nitasema langu, kwamba nilipima badala ya kuuliza. Siku nyingine harufu ikikuita, uje uniambie hata kama ninapika. Na mimi nikinusa kitu, nitakuuliza mpaka uache kuangalia dirisha.

Mwambie Anaclet methanoli isiingie tena katika nyumba hii, hata tone, hata akileta na cheti. Mwambie pia kwamba nilimtunzia siri, na sasa nimemwambia Fabiola yote. Amecheka mpaka akashika ukuta. Ubatizo ulikwenda vizuri, walikunywa chai na soda, na mtoto hakulia.

Huku mvua imenyesha siku tatu na bati limejaa sauti. Nimesugua ile bidoni kwa mchanga mpaka biki ikatoka yote. Iko mlangoni inakungoja, imejaa hadi shingoni, nimechuja mara mbili. Sikuweka mstari.

Madeleine